Rhodri Mawr alirithi falme tatu kwa wanawake, au alizitwaa?

GaidiWaNdiaKuu aliuliza:

Asalaam aleikum wanabaraza. Nina suali la historia, na wala si ya hapa kwetu, lakini nadhani humu hamkosi mtu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale. Naanzia Fort Jesus, naingia Ndia Kuu, natokea kule kwa majahazi. Wiki hii nina mgeni mmoja mtu mzima kutoka Wales, mpenzi wa historia, hapiti jiwe bila kuuliza. Tulipopumzika kivulini nikamsimulia habari za Pate: Suleiman Nabhani alikuja kutoka Oman, akamuoa binti wa mfalme wa Wabatawi, na mkwewe akamkabidhi ufalme. Ndivyo masimulizi ya Pate yasemavyo. Mgeni akapiga paja, akasema, "Huyo Suleiman wenu ndiye Rhodri wetu!"

Akanieleza. Rhodri Mawr, yaani Rhodri Mkuu, mfalme wa karne ya 9. Gwynedd aliipata kwa bibi yake, Powys kwa mamake, na Seisyllwg kwa mkewe. Wanawake watatu, falme tatu, na upanga haukutoka alani.

Hiyo ya mwisho haikuniingia. Katika wafalme wote ninaowasimulia mimi, wa Mombasa, wa Malindi, wa Kilwa, sijamwona aliyeongeza nchi mbili juu ya yake kwa harusi tupu. Usiku nikakaa na simu nikisoma, nikazidi kupotea. Pahali pamoja Esyllt ni bibi yake mzaa baba, pengine ni mamake mzazi. Pengine mamake ni Nest. Mwingine asema babake si mtu wa Wales kabisa, katoka Kisiwa cha Man, kilicho baharini baina ya Uingereza na Ayalandi.

Mgeni aondoka Jumapili na ataka turudi kwenye mazungumzo haya. Sitaki kukaa nikiitikia tu. Nasaba yake ni ipi hasa? Na alipigana na nani? Mwenye kujua asininyime.

KijanaWaLikoni alijibu:

Si ndiye yule wa kuchomoa upanga jiweni?

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Hapana mwanangu wa Likoni, huyo ni Arthur, na kama aliishi kweli basi ni zaidi ya miaka 300 kabla ya Rhodri. Lakini hukwenda mbali sana. Kile kitabu cha Kilatini kinachotaja vita 12 vya Arthur kiliandikwa Gwynedd mwaka wa nne wa utawala wa Merfyn, yaani 829 au 830. Huyo Merfyn ndiye babake Rhodri. Kwa hivyo Arthur tunayemjua sote alitiwa wino baba yake Rhodri akiwa kitini.

Sasa wewe Gaidi, wa aleikum salaam. Mimi ni nesi, si mwalimu wa historia. Nimefanya kazi Bangor, kaskazini ya Wales, mpaka nikastaafu nikarudi nyumbani. Bangor iko ukingoni mwa mlango-bahari wa Menai, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Anglesey, ambako wafalme wa Gwynedd walikuwa na makao yao pahali paitwapo Aberffraw. Leo ni kijiji tu, upepo na kondoo. Wodini kwetu walikuwa wazee wasiopata usingizi, na mzee wa huko akikosa usingizi hukuhesabia mababu. Hizi habari nilizisikia kwanza zamu ya usiku, vitabu nikavifuata baadaye ili nione nani kaniongopea.

Tuanze na baba. Rhodri ap Merfyn ap Gwriad, na hiyo "ap" isome "bin". Merfyn aliitwa Frych, yaani mwenye madoadoa. Alishika Gwynedd mwaka wa 825 akafa 844. Lakini Gwriad, babu yake Rhodri, hakuwahi kuitawala Gwynedd hata siku moja, na hapo ndipo penye fundo.

Gwynedd ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja tangu zamani. Wao wenyewe wakihesabu mpaka kwa Cunedda, na kwa uhakika zaidi unaanzia kwa Maelgwn wa karne ya 6. Katika ukoo huo yuko Cadfan, ambaye jiwe lake la ukumbusho liko mpaka leo ukutani mwa kanisa la Llangadwaladr, karibu na Aberffraw. Nimelisimamia jiwe hilo. Kwa Kilatini limeandikwa kwamba Cadfan ni mfalme mwenye hekima kuliko wote na mwenye sifa kuliko wafalme wote. Mwanawe Cadwallon hakutaka sifa za jiwe, alikwenda mpaka Northumbria akamuua mfalme Edwin mwaka wa 633, na mwaka uliofuata naye akauawa huko huko. Mwana wa Cadwallon ni Cadwaladr, na kanisa lenyewe limechukua jina lake.

Ukoo huo mwisho wake ulikuwa ugomvi. Jamaa wawili, Cynan na Hywel, walikipigania kisiwa cha Anglesey kuanzia 813. Wafukuzana, warudi, wafukuzana tena. Cynan akafa 816, Hywel akabaki mpaka 825. Wakati wao wanagombea kisiwa, majirani zao wa Mercia, Wasaksoni wa upande wa mashariki, walikuwa wakichoma nchi. Mwaka wa 822 waliivunja ngome ya Degannwy, ng'ambo ya mto Conwy, na wakaichukua Powys. Hywel alipokufa ndipo Merfyn akatokea.

Kwa nini yeye? Ile nasaba kongwe tuliyonayo ya ukoo huu inashuka mwanamume juu ya mwanamume, na ikifika kwa Merfyn haimtaji Gwriad kabisa. Yasema: Rhodri bin Merfyn bin Etthil binti Cynan. Yaani Merfyn anatajwa kwa mamake! Etthil huyo ndiye Esyllt wa maandishi ya baadaye, na babake ni yule Cynan aliyepigania Anglesey. Basi Esyllt ni bibi yake Rhodri, mzaa baba. Waandishi wa karne ya 16 walimgeuza akawa mke wa Merfyn, na ndiyo sababu simu yako yakwambia ni mamake Rhodri. Shika ile ya kale. Mama yake ni Nest, dadake Cyngen mfalme wa Powys. Na mkewe ni Angharad, dadake Gwgon mfalme wa Seisyllwg, nchi iliyokuwa imeunganisha Ceredigion na Ystrad Tywi.

Habari ya Kisiwa cha Man si ya kutupa. Huko limepatikana jiwe lenye msalaba, na juu yake pameandikwa Crux Guriat, "Msalaba wa Gwriad". Ni la karne ya 8 au ya 9, wakati unalingana, na jina hilo halikuwa la kila mtu. Ushairi wa Kiwelisi wa baadaye nao wamwita Merfyn mtu wa nchi ya Manaw, jina la Man kwa Kiwelisi. Kwa upande huo wa baba nasaba zinampeleka Rhodri mpaka kwa Llywarch Hen na Coel, wakuu wa zile nchi za Wabritoni wa kaskazini ambazo leo ni kaskazini ya Uingereza na kusini ya Uskoti.

Kwa hivyo mgeni wako kuhusu wanawake hakukosea. Ni hiyo ya upanga kukaa alani ndiyo sikubaliani nayo. Narudi, ngoja niondoe chungu motoni.

MaalimKisauni alijibu:

Bi Nesi, ahsante, lakini nina suali kabla hujaendelea. Nimesoma kwamba sheria za Wales za zamani hazikumpa mwanamke urithi wa ardhi. Kama shamba halipiti kwa mwanamke, ufalme utapitaje? Ama Rhodri alivunja sheria, ama hizo sababu zilitungwa baadaye. Hakuna la tatu.

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Maalim, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja.

Ni kweli. Sheria hizo zinapewa jina la Hywel Dda, mjukuu wa Rhodri aliyefariki 950, ingawa nakala tulizonazo ni za karne ya 13 kuja mbele. Ardhi hupita kwa wana wa kiume, tena hugawanywa baina yao. Ufalme ndio zaidi. Mtu aweza kusema mimi nafaa kwa sababu mama yangu ni wa nyumba ile, lakini hilo ni neno la kumfungulia mlango, kiti chenyewe lazima akikamate.

Tazameni Powys. Cyngen, mjomba wa Rhodri, aliitawala kwa muda mrefu, na uzeeni akaenda Roma akafia huko mwaka wa 854 au 855. Baada yake Powys iko kwa Rhodri. Vitabu vya shule hupita haraka hapo: "akairithi kwa mamake Nest." Vema. Lakini je, Cyngen hakuwa na wana? Alikuwa nao! Kumbukumbu za mwaka za Wales zasema kwamba mnamo 814 Gruffudd bin Cyngen aliuawa kwa hila na nduguye Elisedd. Basi palikuwa na wana, na palikuwa na wana wenye meno. Mpwa wa Gwynedd aliwapita vipi binamu zake bila mtu kukunja ngumi? Mimi sijaolewa Powys, lakini najua mirathi.

Na Cyngen huyo si mtu wa kusahau nasaba. Karibu na Llangollen, bondeni, iko nguzo aliyoisimamisha kwa heshima ya Elisedd mkubwa, baba wa babu yake. Mwana muuaji alikuwa amepewa jina la huyo. Nguzo ilikuwa msalaba mrefu, sasa ni kigutu tu juu ya kilima cha makaburi ya zamani zaidi. Maandishi yake hayasomeki tena, upepo umeyala, na tunayajua kwa sababu Edward Lhuyd aliyanakili mwaka wa 1696. Yasema Elisedd aliirudisha Powys kutoka mikononi mwa Waingereza kwa upanga na moto. Halafu yanapanda mpaka kwa Gwrtheyrn, mfalme wa zamani wa Wabritoni, na kwa mkewe Severa, binti wa Maximus "aliyemuua mfalme wa Warumi". Mnaona? Hata Cyngen mwenyewe, alipotaka kujifikisha kwa kina Kaisari, alipita kwa mwanamke.

Sasa swali la nani aliandika nasaba ya Rhodri. Ile kongwe niliyoitaja ilipangwa karne ya 10 katika baraza la Owain, aliyefariki 988. Owain ni mwana wa Hywel Dda, na Hywel ni mwana wa Cadell bin Rhodri. Kitukuu ndiye anayehesabu. Na mjue kwamba nasaba hizo zinaanza na mbili: ya kwanza ni ya upande wa baba yake Owain, na ya pili, mara moja baada yake, ni ya upande wa mama yake, Elen binti Llywarch wa Dyfed, ufalme wa kusini-magharibi ya Wales. Kwa nini mama awekwe pale juu? Kwa sababu Hywel Dda alipata Dyfed baada ya kumuoa Elen, Llywarch alipofariki mwaka wa 904. Watu waliokuwa wanakula Dyfed kwa jina la mwanamke ndio hao hao waliotuandikia kwamba babu yao aliingia Gwynedd kwa jina la mwanamke. Sisemi waliongopa. Esyllt alikuwepo. Lakini walikuwa na sababu nzuri ya kutomsahau.

Na mkitaka kujua walivyokuwa na hamu ya kufika juu, nasaba ya Owain haiishii kwa Cunedda. Inaendelea mpaka kwa Beli Mkuu na mwanamke aitwaye Anna, na mwandishi ameongeza kwamba yasemwa Anna huyo alikuwa binamu wa Bibi Maryam, mamake Nabii Isa. Hapa Pwani tumezoea wafalme wanaoishia Shiraz, wenzetu waliona Shiraz karibu.

KijanaWaLikoni alijibu:

Binamu wa Bibi Maryam! Shangazi, nimekaa kitako. Endelea na vita.

GaidiWaNdiaKuu alijibu:

Mama, Mungu akuzidishie. Hii habari ya wana wa Cyngen nitamuuliza mgeni uso kwa uso. Lakini vita hujanambia bado. Mimi nilisoma kwamba alipigana na Waviking na akafa kishujaa mikononi mwao. Ni hivyo?

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Alipigana nao, naam. Hawakumuua wao.

Mfikirie mtu aliyekaa Anglesey. Bahari pande zote, Ayalandi ng'ambo, na Dublin ishakuwa bandari ya Waviking tangu 841. Kisiwa chenyewe ndicho ghala la nafaka la Gwynedd, kwani bara ni milima mitupu. Mashua za Dublin zikitoka na upepo mzuri zinamfikia kabla hajajipanga. Na mgongoni mwake, mashariki, wako Mercia. Vita vyote vya Rhodri ni hivyo: mbele Waviking, nyuma Wasaksoni, na wakati mwingine wote mwaka mmoja.

Mwaka wa 853 ni wa Wasaksoni. Burgred wa Mercia alimwomba Æthelwulf wa Wessex, ufalme wa Wasaksoni wa kusini, amsaidie kuwatiisha watu wa Wales, na kumbukumbu za Waingereza zasema walifaulu. Kumbukumbu za Wales mwaka kama huo huo zalalamika kwamba Anglesey imeporwa na "makafiri weusi". Hao ni Wadenmaki. Usidhani ni rangi ya ngozi, ndivyo walivyoitwa ili kuwatofautisha na Wanorwe.

Kisha 856. Huu ndio mwaka wake. Rhodri alimuua Gorm, mkuu wa hao Wadenmaki, na habari ikasafiri. Jambo ninalolipenda ni kwamba Waairishi ndio walioiandika kwa bashasha kuliko wengine: kumbukumbu za Ulster zinamtaja Rhodri bin Merfyn kwa jina. Na kule Liège, bara Ulaya, alikuwako mwanachuoni wa Kiairishi aitwaye Sedulius Scottus, aliyekuwa akitunga mashairi ya Kilatini. Katika mashairi yake limo moja la kushangilia ushindi juu ya Wanorse, yaani Waviking, na limo jina la Roricus, ambalo wengi wanalisoma kuwa ni Rhodri huyu. Mfalme wa kisiwa cha kondoo anaimbwa Liège!

Nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe. Hao wanachuoni wa Kiairishi walikuwa wakipita nyumbani kwa Merfyn wakielekea bara, na yako maandishi Bamberg, Ujerumani, yanayoeleza mchezo waliofanyiwa. Mmoja wao, Dubthach, alitunga fumbo kwa herufi za Kigiriki, kila herufi ikisimama kwa tarakimu, na tarakimu kwa herufi ya Kilatini. Akajigamba kwamba wenzake hawataliweza. Wanne walilifumbua, wakamwandikia mwalimu wao Colgu huko Ayalandi kumweleza njia, ili watakaokuja nyuma wasiaibike. Na fumbo lenyewe lilisemaje? "Mfalme Merfyn amsalimu Cyngen." Baba yake Rhodri akimsalimu shemeji yake wa Powys! Kwa hivyo nyumba hizo mbili zilikuwa zikisalimiana kwa mafumbo ya wasomi kabla ya mmoja kuimeza nyingine. Kila nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu.

Turudi. Kama mwaka wa 871 Gwgon wa Seisyllwg, shemeji yake, alikufa maji. Kumbukumbu zasema "alizama", basi, bila jina la mto wala mtu. Kutokana na hapo ndipo pakasemwa Rhodri aliichukua nchi yake kwa njia ya Angharad. Mimi huu wa tatu ndio naushika kwa vidole viwili. Angharad ametajwa kwenye nasaba tu. Tunachokiona kwa macho ni kwamba baadaye mwanawe Cadell ndiye mwenye nguvu kusini, na kwamba mwaka wa 895 Anarawd, mwana mwingine, alikwenda na Waingereza kuchoma Ceredigion na Ystrad Tywi, ndiyo hiyo hiyo Seisyllwg. Nchi iliyorithiwa kwa amani na babako huendi kuichoma.

Baada ya hapo vita vyarudi kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 870 walipigana Banolau na Ynegydd. Huko Llanbedrgoch, mashariki mwa Anglesey, wachimbuaji wa jumba la makumbusho la taifa la Wales wamefukua makazi yaliyozungushiwa ukuta mnene karne hiyo hiyo, na ndani yake mizani na vipande vya fedha vya biashara ya Kinorse. Wakipigana na wakiuziana, kama kawaida ya watu wa bahari.

Mwaka wa 877 wakamshinda. Vita hivyo vyaitwa vita vya Jumapili, vya hapo hapo Anglesey. Rhodri akakimbilia Ayalandi, na kumbukumbu za Ulster zikaandika kuja kwake kama mkimbizi kutoka kwa hao hao makafiri weusi, miaka 21 baada ya kumshangilia.

Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka huo huo wa 878 akauawa. Na waliomuua ni Wasaksoni wa Mercia, yeye pamoja na Gwriad. Kumbukumbu za Kilatini zasema Gwriad alikuwa mwanawe, za Kiwelisi zasema nduguye. Mercia wakati huo ilikuwa ya Ceolwulf, ambaye waandishi wa Wessex wamemdharau, wamwita mtumishi mpumbavu wa mfalme aliyewekwa na Wadenmaki. Mpumbavu huyo ndiye aliyemmaliza Rhodri Mkuu. Mwaka wa 2015 ilifukuliwa hazina ya fedha Watlington, kusini ya Uingereza, na ndani yake mna sarafu za Ceolwulf na za Alfred wa Wessex zenye picha ya aina moja, wafalme wawili bega kwa bega. Kumbe walikuwa wakishirikiana, dharau ilikuja akishaondoka.

MaalimKisauni alijibu:

Mashallah. Sasa nambie kuhusu wana, maana sheria uliyoitaja ya kugawanya lazima iliwafikia.

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Iliwafikia. Kwanza lakini walilipa kisasi. Mwaka wa 881 Anarawd aliwapiga Mercia mlangoni mwa mto Conwy, na kumbukumbu zimeandika maneno machache mno: kisasi cha Rhodri, kutoka kwa Mungu. Nimepita hapo mara nyingi kwa basi nikienda sokoni Llandudno, na kila mara nikisoma Fatiha kwa mazoea tu, sijui nikimsomea nani.

Asser, padri wa kutoka Dyfed aliyekwenda kumtumikia Alfred, ameandika mwaka wa 893 kwamba wana wa Rhodri walikuwa sita na kwamba walikuwa balaa. Wafalme Hyfaidd wa Dyfed na Elisedd mwingine, wa Brycheiniog, walikimbilia kwa Alfred kwa sababu yao. Anarawd mwenyewe alikuwa kwanza na urafiki na Wadenmaki wa York. Ndiyo, hao hao waliomfukuza babake. Hakupata faida kwao, akawaacha, naye akaenda kwa Alfred akapokewa kama mwana na kupewa zawadi. Kwa Anarawd ndiko ilikotoka nyumba ya Aberffraw, kaskazini. Kwa Cadell ikatoka ya Dinefwr, kusini. Kuanzia hapo karibu kila anayetaka kiti Wales anajihesabu mpaka kwa Rhodri, na wanauana wao kwa wao kwa haki hiyo hiyo.

Gaidi, mgeni wako katoka mji gani?

GaidiWaNdiaKuu alijibu:

Cardiff, mama. Amezaliwa huko na wazee wake huko.

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Cardiff! Basi Rhodri hakuwa mfalme wao hata siku moja. Huko ilikuwa nchi ya Glywysing, na siku za wana wa Rhodri mfalme wao alikuwa Hywel ap Rhys. Naye pia alikwenda kwa Alfred kuomba hifadhi, lakini si kwa kuwaogopa wana wa Rhodri. Asser ataja sababu: udhalimu wa Æthelred wa Mercia, ndiye mkuu wa Mercia aliyepigwa Conwy. Muulize mgeni kama amepata kumsikia Hywel ap Rhys wa kwao. Akisema hapana, mueleze wewe, na bei ya siku ya mwisho iwe ya mwalimu.